Kodi ya Nyumba

Mwaka 2008 nilihamia Nairobi kutafuta maisha, nikapanga chumba kimoja Kawangware. Desemba ile niliporudi nyumbani Murang'a nilikaa jikoni na Shosho, bibi yangu, nikawa namtajia gharama za mjini: nauli ya matatu, unga, maji ya mtungi, halafu kodi ya nyumba kila tarehe 5. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye uteo. Mikono yake ikasimama.

"Kodi ya nyumba?" akauliza. "Kumbe bado wanahesabu?"

Nyumbani kwetu tunachanganya Kikuyu na Kiswahili bila mpango, na Kiswahili cha Shosho ni kile alichojifunza kwenye mashamba ya walowezi huko Molo, akiwa mke mdogo wa skwota, kibarua aliyeishi kwenye shamba la mzungu. Nikamweleza kwamba hii ninayosema ni ya mwenye nyumba, mtu tu wa kawaida aliyejenga akapangisha. Akasikiliza hadi mwisho. "Basi sema renti," akaniambia, akarudia maharagwe yake.

Swali lile nililielewa miaka kadhaa baadaye, alipotufungulia mkebe wa Guka, babu yangu. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, mfuniko wake umeshika kutu. Ndani mna risiti za kodi. Nilizihesabu, zikawa 19, karatasi nyembamba zenye rangi ya chai, zimekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo pametoboka. Ya kwanza ni ya 1934. Ina jina lake, jina la baba yake, jina la chifu, muhuri wa Fort Hall, ambayo ndiyo Murang'a ya leo, na kiasi alicholipa: shilingi 12. Chini kabisa mwa mkebe mna kikopo cha bati chenye kitanzi cha kupitishia kamba. Nitakirudia.

Shuleni tulifundishwa Mau Mau, vita vya kuwapinga Waingereza, kama moto uliowaka 1952. Kwenye mtihani ulitaja sababu tano, na kodi ilikuwa ya nne au ya tano, neno moja tu, halafu unasonga mbele. Orodha ile siiamini tena. Nikizisoma risiti za Guka moja baada ya nyingine, naona kodi ndiyo iliyozizaa hizo sababu nyingine: ndiyo iliyowatoa wanaume nyumbani, na ndiyo iliyomweka jirani mmoja juu ya jirani zake. Vita vilipokuja vilipita humo humo.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikiwa imeigharimu Uingereza zaidi ya pauni milioni 5, na wakubwa wa London walitaka nchi ianze kujilipia gharama zake. Mwaka uo huo kanuni za kodi ya vibanda zikatangazwa. Hawakutoza mavuno wala mifugo. Walitoza paa. Rupia moja au mbili kwa kila nyumba mwanzoni, baadaye rupia 3, na kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia rupia 5. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake kama desturi inavyotaka, alilipa mara tatu. Nyumba ya mjane nayo ilihesabiwa. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa vijana ambao hawakuwa na nyumba, ili asiponyoke mtu.

Baba yake Guka alikuwa na wake watatu. Shosho alihadithiwa na mama mkwe wake jinsi karani alivyokuja na askari wawili, akazunguka boma lote akichungulia kila mlango, na kwa kila nyumba akikata alama kwenye kijiti. Waliposikia anarudi msimu uliofuata, mke wa pili akahamia kwa mke wa kwanza na watoto wake wote, na nyumba yake ikaezuliwa ili ionekane gofu. Wanawake wawili, mafiga yale yale matatu, chungu kimoja. Ilibidi wapike kwa zamu, na watoto wa aliyepika wa pili walilala wakisubiri.

Kwa asiyejua desturi zetu, hii yaweza kuonekana kama kubanana tu. Lakini kwa Wakikuyu nyumba ya mwanamke ndiyo mwanzo wa kila kitu. Mtoto hutambulishwa kwa nyumba ya mama yake, shamba hugawanywa kwa nyumba, na taifa zima hujiita nyumba ya Mumbi, mama wa Wakikuyu wote. Karani wa kodi hakujua alichokuwa akikigusa, au hakujali. Shosho anasema wake wenza wale hawakupatana tena hadi mmoja alipozikwa, na ugomvi wao ulianzia kwenye chungu kile.

Kisha kodi ilitakiwa kwa fedha. Miaka ya kwanza mbuzi walikubaliwa, hata siku za kibarua zilikubaliwa, lakini punde ikawa sarafu tu. Na sarafu zilikuwa wapi? Kahawa ndiyo ilikuwa na bei, na Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda mpaka miaka ya 1930, tena akaanza kuruhusiwa sehemu chache tu kama Kisii na Meru. Guka alizaliwa na akawa mtu mzima juu ya udongo mwekundu ambao leo umejaa kahawa kila upande, na asingeweza kuupandia hata mche mmoja. Ukitaka shilingi, nenda ukamlimie mzungu. Walowezi wenyewe hawakulificha jambo hili. Mbele ya tume ya wafanyakazi ya 1912 na 1913, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alieleza kwamba kila Mwafrika akiwa na ardhi ya kumtosha, tatizo la vibarua halitakwisha kamwe. Kwa hiyo ardhi ikapunguzwa na kodi ikapandishwa, na watu wakatoka.

Wa kuzikusanya hizo fedha naye alipaswa kupatikana. Wakikuyu hawakuwa na machifu. Mambo ya watu yaliamuliwa na kiama, baraza la wazee, na mzee aliingia humo kwa umri na kwa mbuzi aliowatoa, si kwa barua ya kuteuliwa. Serikali ilihitaji mtu mmoja wa kuulizwa fedha ziko wapi, na sheria ya mwaka 1902 ikairuhusu kumteua. Wengi walioteuliwa walikuwa wapagazi wa zamani na wakalimani, watu waliojua kuishi na wageni. Hao ndio waliokuja na askari wao kumchukua ndama wa asiyelipa, na wako waliochoma nyumba. Kila kilima kikapata boma moja lililonenepa kadiri mengine yalivyokonda. Sisemi kila chifu alikuwa mwovu. Ukoo wetu una wajukuu wa chifu na tunazikana. Ninachosema ni kwamba miaka 50 baadaye, vijana waliposhuka kutoka msituni usiku, hawakuhitaji kuonyeshwa boma lile liko wapi.

Wako waliokataa mapema sana. Pwani, Mekatilili wa Menza aliwaona Wagiriama wanadaiwa kodi kwa mkono mmoja na vijana wao kwa mkono wa pili, wapelekwe kufanya kazi mashambani. Mwaka 1913 alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata hadi Kaya Fungo, mahali pao patakatifu msituni, kula kiapo cha kutotoa kijana yeyote. Wagiriama husimulia kwamba mbele ya Arthur Champion, ofisa aliyesimamia eneo lile, alileta kuku na vifaranga vyake akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Serikali ilimkamata ikampeleka Kisii, upande wa pili wa nchi kabisa, na miezi michache tu baadaye, Januari 1914, yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakatoroka wakarudi kwao kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua kaya kwa baruti.

Sasa kile kikopo. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, 1919 na 1920. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande anapotoka rizavu, yaani eneo walilotengewa Waafrika: alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha. Bwana asipotia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na utoro ulikupeleka jela. Karatasi yenyewe ilikaa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Wakikuyu wakakiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi.

Karatasi ya Guka haimo tena. Kikopo tu ndicho kilichobaki. Ukikishika utaona upande mmoja bati limelainika na kung'aa, ule uliolala kifuani. Shosho anasema mashati yake yote yaliraruka mahali pamoja, chini kidogo ya kifungo cha tatu, na yeye ndiye aliyetia viraka. Mpaka leo akimtuma mjukuu kwenda kuchukua kitambulisho humwambia alete kipande, na wazee wengi wa Kenya husema vivyo hivyo.

Baada ya vita vile vya kwanza mambo yalizidi. Makumi ya maelfu ya vijana walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi mno hawakurudi; jina la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu yao. Waliorudi walikuta askari wazungu wakigawiwa mashamba kama zawadi ya kupigana. Mwaka 1920 kodi ikapanda kutoka rupia 5 hadi 8, ambazo fedha ilipobadilishwa zikawa shilingi 16, na mwaka uliofuata walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi. Kodi juu, mshahara chini, na kengele ya mbuzi shingoni, yote ndani ya miaka miwili.

Harry Thuku alikuwa opereta wa simu katika ofisi ya hazina, mahali ambapo fedha hizo zilihesabiwa. Mwaka 1921 alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha kikawa East African Association ili kipokee watu wa makabila yote. Alizungumzia kodi, kipande, mishahara, na wanawake na wasichana waliolazimishwa kufanya kazi za mashambani. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye maelfu walijaa nje ya kituo cha polisi alikofungiwa, upande ule ambako leo kuna Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nimesimama hapo mara nyingi nikisubiri matatu, na kila mara humfikiria Mary Muthoni Nyanjiru. Wajumbe walikuwa wameenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiwaambia watu watawanyike, na wanaume wakaanza kuondoka. Nyanjiru akasimama mbele yao, akalipandisha vazi lake hadi mabegani, akawaambia walichukue wampe yeye suruali zao, kwa kuwa wao ni waoga. Kwetu hiyo ni laana ambayo mwanamume hawezi kuipita akajifanya hakuona. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga hadi kwenye bunduki, na askari wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, wanasemekana walipiga risasi nao. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walisema ni zaidi sana.

Alikuwa na haki ya kukasirika kuliko wote waliokuwa pale, nadhani. Kodi iliitwa ya mume lakini nyumba ilikuwa ya mke. Yeye ndiye aliyebaki na shamba mume alipokwenda kulisaka hilo shilingi, yeye ndiye aliyelima zamu mbili, na wasichana waliolala kwenye kambi za mashamba ya kahawa walikuwa wanawe.

Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12, zile zile zilizoandikwa kwenye risiti ya Guka ya 1934. Shilingi nne zilipunguzwa baada ya watu kuuawa, na watu walilitazama jambo hilo wakajifunza.

Haikuwa kwetu peke yetu. Huko Nyanza, Desemba 1921, Wajaluo walikutana Lundha wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Piny Owacho, yaani nchi imesema, wakidai mambo hayo hayo ya kodi na kipande. Mwaka 1938 Wakamba, baada ya ng'ombe wao kunyang'anywa na kupigwa mnada kwa kisingizio cha kulinda ardhi, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mbingu akafungwa Lamu. Barua ziliandikwa, wajumbe walipanda meli kwenda London, Kenyatta akiwa mmoja wao mwaka 1929. Tume zilikuja zikaandika zikaondoka.

Kuanzia 1938 risiti za Guka zina muhuri wa Nakuru. Alikuwa ameenda Molo kwa sababu ile ile iliyowapeleka maelfu ya wengine: skwota aliruhusiwa kulima kipande cha shamba la mzungu na kufuga mbuzi wake, kwa sharti la kumfanyia kazi siku kadhaa kwa mwaka. Siku hizo zilikuwa 180 mwanzoni. Sheria ya 1937 ikawapa walowezi wenyewe uwezo wa kuziongeza na kuipunguza mifugo ya maskwota, na baada ya vita vya pili zikafika 240, sehemu nyingine 270. Guka alifika na mbuzi 30. Shosho alipoolewa 1949, anasema, walikuwa wamebaki 5, na kandarasi mpya iliyoletwa hakuitia kidole gumba. Wakafukuzwa. Walirudi Murang'a kwenye robo ekari ambayo ndugu yake alikuwa amekwisha kuipanda.

Miaka hiyo hiyo, huko Olenguruone, maskwota waliohamishiwa hapo na serikali kisha wakaamriwa kuondoka walikuwa wamekula kiapo cha kukataa, wanaume, wanawake na watoto. Mji wa Nairobi ulikuwa na askari waliorudi Burma, watu kama Waruhiu Itote, waliopigana kando ya wazungu na kuwaona wakilia na kufa kama watu wengine. Kiapo kikasafiri kwa njia walizosafiri waliofukuzwa. Nilimuuliza Shosho kama na wao walikila. Alinitazama kwa muda. "Nani hakula?" akasema. Jina lililopendwa na wenyewe msituni lilitaja ardhi na uhuru, ithaka na wiyathi, na ardhi ilitangulia.

Oktoba 7, 1952 Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Oktoba 20 Gavana Baring akatangaza Hali ya Hatari. Yaliyofuata yanajulikana zaidi: kesi ya Kenyatta kule Kapenguria, mauaji ya Lari, msako wa Nairobi wa Aprili 1954, zaidi ya watu 1,000 walionyongwa. Mimi narudi kwenye mkebe. Risiti ya 1953 haifanani na nyingine. Mwaka ule serikali iliwawekea Wakikuyu, Waembu na Wameru kodi maalumu juu ya ile ya kawaida, ili wachangie gharama za vita vilivyokuwa vikipiganwa dhidi yao. Guka aliilipa. Ameikunja ndogo kuliko zote, na nilipoifungua mara ya kwanza Shosho alitoka nje.

Baada ya hiyo hakuna risiti mpaka 1958, kwani Guka alikuwa kwenye kambi ya kizuizini ya Manyani. Ndugu yake, yule wa robo ekari, alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji upande wa serikali, na ni yeye aliyekuja na wenzake asubuhi waliyomchukua. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu wakaingizwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Shosho alichimba handaki hilo akiwa na mtoto mgongoni. Nyumba yake kule shambani ilichomwa siku ya kuhama, na homgadi alipita na daftari akiandika nyumba zilizokwisha kuungua.

Uhuru ulipofika, Desemba 12, 1963, Guka alikwenda kwa miguu hadi mjini Murang'a kutazama bendera ikipanda, akarudi usiku. Mwaka uliofuata alijenga nyumba ya pili, na miaka mitatu baadaye ya tatu, ya wavulana. Zote zipo bado.

Usiku wa Agosti 24, 2019, nilikuwa nyumbani wakati wa sensa. Kijana aliyekuja ni wa pale pale kijijini, tunamjua hadi bibi yake, amevaa koti la kuakisi mwanga na ameshika kishikwambi. Alimsalimu Shosho kwa heshima, akauliza umri, watoto, mifugo, maji yanatoka wapi. Kisha akauliza boma lina nyumba ngapi.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda, shali mabegani. Nyuma yake taa ya umeme ilikuwa ikiwaka katika nyumba zote tatu, na milango iko wazi.

"Moja," akamwambia. "Andika moja."